Miezi Tisa Bila Kazi

Kijiji chetu kinaitwa Mahagi-Port, na neno la pili katika jina hilo maana yake ni bandari. Mgeni akifika huitafuta bandari hiyo asiione. Huona ufuko, mitumbwi, nyavu zilizoanikwa, akina mama wanaogeuza samaki juani, na mashua za injini ziendazo Tchomia na Kasenyi, au zivukazo kwenda Panyimur upande wa Uganda. Lakini wazee wetu wanazikumbuka meli za moshi zilizotembea katika Ziwa Albert zamani za Wabelgiji na Waingereza. Babu yetu alikuwa mpakiaji wa mizigo. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zikapandisha maji ya ziwa, bandari ya Butiaba huko ng'ambo ikaharibika, na meli kubwa ya Waingereza, Robert Coryndon, ikazama mwaka 1964. Kazi ya mizigo ikapungua mpaka ikaisha. Babu, mtu mzima mwenye watoto wanne, akaenda kwa shemeji yake kujifunza kutupa wavu. Watoto wa ufukoni walimcheka. Naye akacheka pamoja nao, akautupa tena.

Tumeanza na babu kwa sababu mwaka 2025 jambo lilelile lilitupata sisi, mjukuu wake, nasi hatukulipokea kwa moyo kama wake. Tulilipokea kwa uongo. Tunayasimulia haya kwa kuwa tunajua kwamba katika parokia zetu wako wengi waliorudi nyumbani na sanduku na barua, nao wamejificha kama tulivyojificha sisi.

Barua ya Februari

Sisi tunaoandika ni katekista. Tulisoma seminari miaka kadhaa, kisha tukatambua pamoja na wakubwa wetu kwamba Mungu anatuita katika ndoa. Tangu Machi 2019 tulifanya kazi ya kutunza ghala huko Bunia, katika shirika moja la misaada. Ndani ya ghala mlikuwa na unga wa lishe, mablanketi, sabuni na ndoo za watu waliokimbia mauaji ya Djugu, yaliyoanza upya mwishoni mwa 2017. Kila gunia tulijua limeingia siku gani na limetoka siku gani. Jumapili tulifundisha wakatekumeni. Maisha yalikuwa na njia yake.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais mpya wa Marekani, Donald Trump, alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje kwa siku 90 ili ichunguzwe. Mwezi wa Machi serikali yake ikatangaza kwamba sehemu 83 katika kila 100 za miradi ya USAID zimefutwa. Tarehe 1 Julai shirika hilo, lililoanzishwa mwaka 1961 wakati wa Rais Kennedy, likaacha kazi yake ya misaada. Na mwaka 2024, katika kila franka 10 za misaada ya dharura zilizotolewa kwa ajili ya Kongo, karibu 7 zilitoka Marekani. Msomaji aweza kufanya hesabu mwenyewe ajue ni magala mangapi yalifungwa na ni watu wangapi walipewa barua.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mtu. Mkubwa wetu wa kazi alikuwa na machozi alipotukabidhi barua yetu, na baada ya siku chache yeye naye alipewa yake. Twataka kusema neno moja tu: hatukufukuzwa kwa wizi wala kwa ulevi. Fedha zilikauka kama kisima kikaukavyo. Walakini tuliona aibu kama ya mwizi.

Barua ilisema siku ya mwisho ni tarehe 28 Februari. Tulikaa Bunia wiki sita tukipanda na kushuka mji, tukisoma matangazo ya kazi, mpaka fedha ya pango ikaisha. Basi tukafunga mizigo, sisi na mama watoto na watoto wetu watatu. Barabara ya Taifa namba 27, ipitayo Djugu, ilikuwa ya hatari, tukashuka Kasenyi tukapanda mashua. Tulipofika ufukoni kwetu watu wakatupokea kwa furaha: “Karibuni, karibuni! Mmekuja kututembelea?”

Nasi tukajibu: “Ndiyo. Tuko konje.”

Konje ndilo neno letu la likizo. Neno fupi, lakini lilizaa watoto wengi.

Uongo na wanawe

Mtu aliye konje ana mshahara. Kwa hiyo mchango wa parokia ulipopita, tulitoa kama mtu mwenye mshahara. Binamu alipokuja na habari ya ada ya shule ya mtoto wake, hatukuweza kumwambia kwamba hatuna. Tukakopa kwa mchuuzi mmoja ili tumkopeshe yeye. Asubuhi tulivaa shati la kazini, tukachukua mfuko wa karatasi, tukaenda kukaa nyuma ya mawe kando ya ziwa mpaka jua lipande. Tulijipa moyo kwamba tunaandika barua za kuomba kazi. Siku nyingi hatukuandika hata mstari.

Mama watoto alianza kuuza samaki waliokaushwa. Siku moja tulimwambia aache, kwa sababu watu wataona. Alitutazama kwa utulivu, akasema: “Baba, watu wataona nini? Kwamba watoto wako wanakula?” Hatukuwa na jibu.

Mwezi wa Mei akina mama wa chama cha akiba walikuja nyumbani. Walikuwa 28, wote wachuuzi wa samaki. Mwandishi wao alikuwa amehamia Uganda na daftari lao limevurugika. Walikuja na sanduku lao la chuma lenye kufuli tatu, ambalo funguo zake hushikwa na akina mama watatu mbalimbali, ili mmoja asiweze kulifungua peke yake. Mwenyekiti wao alisema: “Katekista, wewe ulitunza ghala la watu wengi. Tusaidie daftari letu wakati ungali hapa.” Tulikataa. Tulisema konje yetu karibu itakwisha. Kweli ni kwamba tuliona kazi ile ni ndogo kwa mtu aliyekuwa na ofisi.

Ndivyo alivyo mtu mwenye aibu ya uongo: huomba kazi mbali, na kazi iliyokuja kubisha hodi mlangoni pake huifukuza.

Karatasi mbili

Mwezi wa Julai tuliitwa Bunia kwa mtihani wa kazi. Kabla ya kupeleka karatasi ya historia ya kazi zetu, ile ambayo vijana huiita CV, rafiki mmoja alitushauri. Alisema wakubwa wa kazi hawapendi kuona pengo. Wakiona miezi mitupu hufikiri kwamba umekataliwa kila mahali, au ulikuwa mgonjwa, au gerezani. “Liziba,” alisema. “Andika kwamba uliacha kazi Juni. Miezi minne ni kitu gani?”

Tuliandika Juni.

Mezani waliketi watu watatu, wanaume wawili na mama mmoja wa makamo mwenye miwani. Maswali ya ghala tuliyajibu vizuri, na uso wa mzee wa katikati ulifunguka. Ndipo yule mama akaomba cheti cha kazi. Tulikuwa nacho mfukoni, tulitumaini hakitaulizwa. Akakilaza mezani kando ya ile karatasi yetu, akaweka kidole kimoja juu ya Februari na kidole kingine juu ya Juni. Hakupandisha sauti. Alisema: “Hapa umeandika kwamba wewe ni katekista. Mwalimu, katika karatasi hizi mbili niiamini ipi?”

Wasomaji wapenzi, tumewahi kuvuka ziwa katika dhoruba, na tumewahi kusikia risasi usiku. Hatujawahi kutamani ardhi ipasuke kama siku ile. Tulisema ile ya cheti. Akashukuru, akatia alama ndogo kwa kalamu, na mazungumzo yakaisha. Siyo pengo lililotunyima kazi ile. Pengo la miezi minne wangelielewa, kwa maana mwaka ule kila aliyeingia chumba kile alikuwa nalo. Kilichotunyima ni kule kuliziba. Mtunza ghala anayebadili tarehe za maisha yake, nani atamwachia tarehe za magunia?

Amri tuliyoiruka

Tulirudi nyumbani Ijumaa. Kesho yake ilikuwa zamu ya kufundisha wakatekumeni Amri za Mungu, nao walikuwa wamefika amri ya saba. Tulifundisha ya saba kwa bidii, juu ya wizi. Halafu tukaenda moja kwa moja kwenye ya tisa. Msichana mmoja mdogo wa mstari wa mbele, mwenye daftari safi, aliinua mkono: “Mwalimu, umeruka ya nane.”

Wote walicheka, nasi tukajidai kucheka. Tukawaambia kwamba ya nane ni ndefu, tutaifundisha juma lijalo.

Jioni ileile tulikwenda kwa Padri kuungama. Aliyoyasema Padri katika kiti cha kitubio yeye hawezi kuyasimulia. Sisi tunaruhusiwa, na twasimulia machache. Hakutukaripia. Baada ya kutusikiliza alituuliza kama tunaukumbuka mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mtakatifu Mateo, sura ya 20. Tulisema twaukumbuka, tumeufundisha mara nyingi. Akatuambia kwamba malipizi yetu ni kuusoma tena polepole, lakini safari hii tusijiweke mahali pa mwalimu, tujiweke sokoni.

Saa kumi na moja

Tuliusoma usiku kwa taa. Kila Mkristu anajua mwisho wake, jinsi wa mwisho walivyolipwa sawa na wa kwanza. Lakini sisi tulikwama katikati. Bwana wa shamba anatoka mara ya mwisho saa kumi na moja. Sisi watu wa Kiswahili tumebahatika, maana saa ile ni saa yetu ileile: jua linashuka, akina mama wanafunga vibanda, bado saa moja tu giza liingie. Anawakuta watu wamesimama. Anawauliza kwa nini wamekaa kutwa nzima bila kazi. Je, hili si swali lile la mezani? Ulikuwa wapi miezi hii yote? Mbona karatasi yako ina pengo?

Nao wanajibu kwa maneno machache kuliko vidole vya mkono: hakuna mtu aliyewaajiri. Basi. Hawasemi kwamba wako konje. Hawasemi kwamba asubuhi walifanya kazi katika shamba jingine. Hawamsengenyi aliyewaacha. Hawalii wala hawaelezi mpaka msikilizaji achoke. Wanasema kweli fupi, wananyamaza. Na bwana wa shamba haulizi mara ya pili. Anawapeleka kazini.

Tukaona na jambo la pili. Saa kumi na moja walikuwa bado sokoni. Wangaliweza kurudi nyumbani saa sita, wajifungie kwa aibu, na hapo bwana wa shamba asingaliwakuta. Sisi tulikuwa tumekaa nyuma ya mawe.

Asubuhi tulikwenda kwa baba yetu mzazi, aliyekuwa akishona wavu chini ya mwembe, tukamwambia kila kitu. Mzee hakuinua macho. “Nilijua tangu siku ya mashua,” alisema. “Mtu wa konje haji na vitanda. Na konje gani hiyo ya miezi mitatu?” Kisha akatuuliza kama tumesahau mambo ya ziwa. Wavuvi wetu wa samaki wadogo huvua usiku kwa taa; mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti samaki, na mitumbwi hukaa pwani. “Je,” alisema, “umewahi kusikia mtu anamwuliza mvuvi kwa nini hakuvua siku za mwezi mpevu? Humwuliza swali moja tu: wavu wako umeushona?”

Tukakumbuka kwamba Bwana wetu Yesu Kristu alipowaita Yakobo na Yohane, wana wa Zebedayo, hawakuwa wakivua. Walikuwa ndani ya mashua pamoja na baba yao, wakitengeneza nyavu.

Daftari la akina mama

Siku ya pili tulikwenda wenyewe kwa mwenyekiti wa chama tukaomba lile daftari. Tulimwambia kwamba hatuko konje, tumeachishwa kazi tangu Februari. Alisema: “Pole, mwanangu. Kaa hapa, kalamu hii.” Hayo tu. Aibu tuliyoibeba miezi mitano ilimalizwa kwa maneno sita.

Kazi ile tuliyoiona ndogo ilitutoa jasho. Kila juma kila mama huweka hisa zake. Mwingine hukopa ili anunue samaki ufukoni, huwakausha, huwapeleka Mahagi au ng'ambo, kisha hulipa pamoja na faida kidogo. Daftari lilipungua franka 45,000, na akina mama wawili walikuwa hawasalimiani kwa sababu hiyo. Tulifuata ukurasa kwa ukurasa kwa majuma mawili. Mwisho tuliona: gunia la chumvi lilinunuliwa kwa faida ya wote na halikuandikwa. Siku tuliposoma hesabu hiyo mbele ya wote, wale mama wawili walirudi nyumbani pamoja.

Mshahara hatukupata. Tulipata samaki mara kwa mara, na tulilipa deni la mchuuzi polepole kwa kumwandikia hesabu ya duka. Lakini zaidi ya hayo tulipata kitu cha kuandika ambacho ni kweli.

Mwezi wa Septemba tuliitwa Bunia tena, mahali pengine. Safari hii karatasi yetu ilisema hivi: kazi ya ghala, Machi 2019 mpaka Februari 2025, mkataba ulikwisha kwa sababu fedha za mradi zilikoma, tangu Julai 2025, mwandishi wa hesabu wa chama cha akiba cha wachuuzi wa samaki, wanachama 28, bila mshahara, na ukatekista. Kati ya Februari na Julai hatukuandika kitu, kwa sababu hatukufanya kitu. Mkubwa mmoja aliweka kidole hasa hapo. “Na hapa?” Tulijibu: “Hapo tulitafuta kazi hatukupata, na sehemu ya wakati huo tuliipoteza kwa huzuni.” Akatikisa kichwa kidogo, akauliza juu ya sanduku la kufuli tatu. Tulilieleza kwa robo saa. Hakurudi kwenye pengo.

Tungependa kumwambia msomaji kwamba tulipewa kazi ile. Hapana. Alipewa mwingine aliyetushinda kwa elimu, nasi tulirudi na mashua kama tulivyokwenda. Lakini tulirudi tukiwa tumeinua uso, na Jumamosi yake tulifundisha amri ya nane mwanzo mpaka mwisho, pamoja na kisa cha karatasi mbili. Wakatekumeni hawakucheka. Novemba simu ililia: mtunza ghala wao mmoja anapumzika kwa ugonjwa, je, tungekubali kushika nafasi yake miezi sita? Walikuwa wamelihifadhi jina letu. Tulianza tarehe 1 Desemba, baada ya miezi tisa kamili.

Maneno ya Baba Mtakatifu

Tarehe 14 Septemba 1981, miaka 90 baada ya barua ya Papa Leo XIII juu ya wafanyakazi, Papa Yohane Paulo II aliandika barua yake juu ya kazi, iitwayo Laborem Exercens. Humo anafundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Na kwamba kukosa kazi ni ubaya ambao jamii nzima ina wajibu wa kuupiga vita, na wasio na kazi wana haki ya kusaidiwa waishi. Aliyeandika hayo alikuwa ameonja. Mwaka 1939 Wajerumani walipoifunga chuo kikuu cha Kraków, masomo ya kijana Karol Wojtyła yalikatika. Mwaka 1940 akaingia kazi katika machimbo ya mawe, kisha katika kiwanda cha kemikali cha Solvay. Mtu angeweza kusema ni miaka ya pengo. Baadaye alipoandika juu ya heshima ya mfanyakazi, aliandika kwa mikono iliyobeba mawe.

Basi ikiwa mtu ni mkubwa kuliko kazi yake, barua ya kuachishwa haiwezi kumpunguza. Hufuta mshahara; haifuti ubatizo, wala ndoa, wala ufundi wa mikono yake. Jambo hili tulilijua kwa kichwa tangu seminari. Tulihitaji miezi mitano nyuma ya mawe ili tulijue kwa moyo.

Shauri letu

Kwa ndugu walioachishwa kazi tungependa kusema machache.

Kwanza, dai cheti chako cha kazi. Sheria ya kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri akupe cheti chenye aina ya kazi, muda wake, siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kitunze mahali pakavu. Kisha andika tarehe zako kama zilivyo ndani yake. Matangazo mengi ya kazi huomba pia kadi ya ONEM, ofisi ya taifa ya kazi. Itafute mapema, usingoje siku ya mwisho.

Pili, waambie wa nyumbani mwako juma lilelile. Mama watoto ni mwenzako wa safari. Huwezi kuvuka ziwa ukimficha aliye ndani ya mashua kwamba mashua inaingiza maji.

Tatu, tayarisha jibu fupi la kweli, uliseme bila kulaumu: kazi ilikwisha lini, kwa nini, na tangu siku hiyo umefanya nini. Ukilaumu mkubwa wako wa zamani, mkubwa mpya atahesabu siku zako za kumlaumu yeye.

Nne, shona wavu. Kazi yenye faida kwa jirani, hata isiyo na mshahara, ishike kwa saa zake na daftari lake kama kazi ya ofisi. Usiikatae kwa sababu ni ndogo.

Tano, usimpe mtu matabishi akuuzie nafasi. Tumewaona waliouza mbuzi wa nyumbani kwa ahadi ya kazi, nao hawana kazi wala mbuzi.

Na kwa Wakristu wenye kazi tunasema hivi. Mkimwona jirani amerudi na vitanda, msimwulize kila siku anarudi lini. Mpeni pole mara moja, halafu mpeni kazi, hata ya siku mbili, na mumlipe. Maana bwana wa shamba hakuwasifu wale wa saa kumi na moja kwa uvumilivu wao tu, aliwalipa kabla ya giza. Mnaomwajiri mtu, ulizeni swali lenu kwa haki, na mkijibiwa kweli, liacheni hapo.

Kazi yetu ni ya miezi sita. Kila mkataba una siku yake ya mwisho, na babu yetu alijua kwamba hata meli ya chuma ina yake. Siku yetu itakapofika tutapanda mashua ya Kasenyi pamoja na vitanda, na ufukoni wakituuliza kama tumekuja kutembea, tunalo jibu. Kisha tutakwenda chini ya mwembe tukaangalie wavu uko hali gani.

Mtakatifu Yosefu, ambaye Papa Pio XII alimwekea sikukuu ya Mfanyakazi tarehe 1 Mei mwaka 1955, alishika kazi Nazareti, akalazimika kukimbia Misri usiku, akaanza upya ugenini. Tumwombe awaombee wote wanaosimama sokoni hivi leo, wasirudi nyumbani kabla ya saa kumi na moja. Nanyi wasomaji, mtuombee sisi pia.